Mwaka Ambao Kijiji Hakikuuhesabu

Sironga, Jumapili alasiri

Makori mwanangu,

Ombi lako la kurudi darasani limekubaliwa. Aliyetoa habari hiyo ni Bwana Wekesa, mshauri wa wanafunzi wa chuo chenu, juzi Ijumaa saa tano asubuhi. Ulikuwa umepeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia na simu yako ilikuwa ikichajiwa mezani, kwa hiyo niliyemsikia kwanza ni mimi. Nilimwomba arudie ili niandike. Akarudia neno kwa neno: mwenyekiti wa idara ametia sahihi, utafanya mtihani maalumu wa ile yuniti ya hisabati uliyoikosa, na ukifaulu utaingia mwaka wa tatu pamoja na wale waliokuwa nyuma yako.

Hayo nilikuambia uliporudi na kikapu kitupu. Ninayokuandikia sasa ni yale usiyoyajua. Moja kati yake lilitokea jana Sabato, kanisani, wakati wewe ulikuwa Magwagwa ukiwaaga mafundi wa kuchomelea vyuma uliokuwa ukifanya nao kazi. Nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia barabarani.

Habari ya blanketi, chakula na watu wa kuepuka sitaiandika. Una akili, na kama huna, karatasi hii haitakupa.

Nianze na siku nilipokugundua. Najua unadhani kuna rafiki aliyekusema, kwa maana nimekuona ukimjibu Nyakundi kwa mkato. Mwache Nyakundi. Hakuna aliyekusema.

Siku hiyo nilikuwa Kisii mjini, nimetumwa na gazeti letu kuandika habari ya chuo kimoja kilichokuwa kimeanza kuwapigia simu wanafunzi wanaokosa darasa wiki mbili mfululizo. Msimamizi wa kumbukumbu za wanafunzi alikuwa mwanamke wa maneno machache. Nilimuuliza swali ambalo nimewauliza wakuu wengi: kwa nini wanafunzi wanaacha chuo? Nilitarajia aseme karo, na kalamu yangu ilikuwa imeshaanza kuandika karo. Akasema karo ipo, lakini mwenye shida ya karo huja ofisini, analia, anaandika barua, anajulikana.

“Wanaopotea kabisa ni wale ambao hawakuja,” akasema. “Mtu amekosa mtihani mmoja. Anaona haya, anangoja. Muhula unaisha. Sasa ana mambo mawili ya kuonea haya.”

“Na mzazi anajua lini?”

“Mzazi?” Akacheka kidogo. “Mzazi anajua siku ya mahafali. Wewe una mtoto chuoni?”

“Ninaye. Mwaka wa tatu, uhandisi.”

“Mpigie sasa hivi. Usimuulize masomo yanaendaje. Muulize leo amefundishwa na nani.”

Nikatoka nje, nikasimama kando ya tangi la maji, nikakupigia. Mazungumzo yale ninayo kichwani mpaka leo.

“Mathe, niaje?”

“Mimi mzima. Leo mmefundishwa na nani?”

“Leo? Aah. Kwani leo unanihoji, mathe?”

“Ndiyo. Nipe jina tu.”

Ukanyamaza. Nimehoji watu wa kila aina katika kazi hii, na ninatambua kimya cha mtu anayetafuta jina na kimya cha mtu asiye na jina la kutafuta. Kisha ukasema, “Wacha nikuje nyumbani tuongee.”

Ulikuja, ukaniambia yote. Homa ya matumbo ilikulaza zahanati asubuhi ya mtihani. Barua ya daktari ilibaki mfukoni mwako hadi ikakatika kwenye mikunjo. Mihula miwili ulitoka hosteli kila asubuhi ukiwa na begi mgongoni, ukaenda kuketi maktaba ukisoma magazeti, kisha ukarudi jioni na wenzako kana kwamba nawe ulitoka darasani. Sikukukemea, nawe ukashangaa. Sasa nitakueleza kwa nini sikukukemea.

Kwanza, kosa la muda huo wote lilikuwa langu kabla halijawa lako. Kila Jumapili nilikuuliza, “Masomo?” ukajibu, “Yako sawa.” Nikaridhika, nikakata simu. Ofisa wa kaunti akinijibu “mambo yako sawa” siondoki mlangoni kwake mpaka anitolee karatasi. Mwanangu mwenyewe nilimhoji kama mwandishi aliyeanza kazi jana na anayetaka kuwahi chai.

Pili, nilipokuuliza kwa nini hukupeleka ile barua ya daktari kwenye idara, ulinijibu, “Wangeniambia niongeze mwaka, na huku nyumbani mnajua mwaka wangu.”

Ulisema kweli. Hapa kwetu miaka ya chuo huhesabiwa kama miezi ya mimba. Siku barua yako ya kujiunga ilipofika tulikufanyia maombi, na kabla watu hawajaondoka ulikuwa umeshaitwa Injinia, wewe ambaye ulikuwa hujawahi kushika hata futi ya fundi. Babu yako Onchari alitoka Nyacheki akatangaza mbele ya watu kwamba ametenga ndama, na kwamba ndama huyo atachinjwa baada ya miaka mitano kamili. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Haikunijia kwamba tulikuwa tunakufungia saa shingoni. Kwenye sheria za chuo, mwaka wa kuongeza ni jambo la kawaida, lina fomu yake. Huku kwetu unaulizwa na kila mtu unayekutana naye kwenye njia ya mtoni. Miezi hii uliyokaa nyumbani nimewasikia: “Injinia, hii barabara yetu utaitengeneza lini?” Nawe unacheka, unasema uko likizo. Likizo ndefu hivyo hata ng'ombe wangeishuku.

Sasa nije kwenye picha ya sebuleni. Unaijua tangu ulipoanza kutambaa. Nimevaa joho, babu yako mzaa mama yuko kushoto, na mdogo wake, Babu Onchari, yuko kulia ameshika kofia yangu kama anayebeba mayai. Picha ni halisi. Maelezo tuliyokuwa tukiyatoa kwa wageni ndiyo ya uongo. Mimi sikuhitimu.

Mwaka wa mwisho, alama zangu za yuniti moja ya historia hazikuonekana. Mtihani niliufanya, hata swali la pili nalikumbuka. Karatasi ilipotea kati ya chumba cha mtihani na meza ya mwalimu, na aliyeipoteza simjui, kwa hiyo simtaji. Karani wa idara aliniambia, “Wewe chukua joho, jina litaingia kwenye orodha ya nyongeza.” Asubuhi ya mahafali nikaisoma orodha ya nyongeza ikiwa imebandikwa mlangoni. Niliisoma mara tatu. Sikuwemo. Na watu wangu walikuwa wameshafika kutoka Nyacheki, wameshuka na vyungu vyao, shangazi zangu wanafunga vitambaa kichwani.

Ningeweza kuwaambia pale pale. Ilihitaji sentensi moja. Badala yake nikaenda kuketi na wahitimu, kiti cha nyuma kabisa, nikijiambia kwamba labda msomaji ana orodha nyingine. Siku hizo majina yalisomwa moja moja. Wakisii tulikuwa wengi, na mahali palipo na Wakisii wengi Moraa hawezi kuwa mmoja. Likasomwa jina la Moraa wa idara jirani. Upande wa wazazi ukalipuka. Shangazi zangu wote walipiga vigelegele, na Onchari akapiga ule mluzi wake wa kuita ng'ombe. Yule binti aligeuka njiani akawatazama, maana hakumjua hata mmoja. Wao walikuwa mbali, waliona majoho tu.

Mimi nilikuwa nimeketi. Baadaye, chini ya hema, baba yangu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, “Nimekusikia.” Nikamjibu, “Asante, tata.”

Alikufa akiamini hivyo. Alama zilipotezwa na mtu mwingine. Kimya kilikuwa changu peke yangu.

Kilichohitajika ni barua moja na kurudia karatasi moja. Mwalimu mwenyewe alikuwa bado yupo. Lakini kila nilipofikiria kurudi niliona korido ile, na mtu wa kwetu akitokea upande wa pili: “Moraa, kwani bado uko hapa?” Kwa ajili ya swali hilo moja, ambalo huenda hata lisingeulizwa, nikaacha shahada ya miaka minne. Fomu yangu ya kwanza ya kazi niliandika “matokeo yanasubiriwa”. Bado yanasubiriwa. Miaka ilipita, nikapewa nafasi ya kuwa mhariri, wakaomba cheti. Nikasema napenda kazi ya nje, siwezi kukaa ofisini. Watu wakanisifu kwa unyenyekevu.

Baba yako alijua. Nilimwambia kabla hajaleta wazee kwetu. Akasema, “Mimi naoa mtu, sioi karatasi.” Lilikuwa jibu zuri na lilinipotosha, kwa sababu nililichukua kama ruhusa ya kunyamaza kwa wengine wote.

Lakini kosa linalonisumbua zaidi ni la kikazi. Nimeripoti mahafali mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Niliandika waliohitimu ni wangapi, nani aliongoza, mgeni wa heshima alisema nini. Sikuandika hata mara moja kwamba darasa hilo lilipoanza lilikuwa na watu wangapi. Hesabu hiyo kila chuo kinayo, mtu anahitaji kuuliza tu. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa mmoja wao, na nilijua nikianza kuwatafuta waliopotea nitafika nyumbani kwangu. Yule mama wa kumbukumbu kule Kisii ndiye aliyenifikisha, bila kujua.

Tangu siku hiyo nimeanza kuwauliza. Mmoja ni Bosibori, mwalimu wa kemia Magwagwa, ambaye kozi ya miaka minne ilimchukua saba. Nilimkuta akisahihisha daftari kwenye kibanda cha mama yake cha kuuza nafaka.

“Ulisimama mara ngapi?” nikamuuliza.

“Mara mbili. Ya kwanza nilijifungua, ya pili nilianguka yuniti tatu.”

“Na watu?”

“Walinicheka. Wee, walinicheka! Kuna mama alikuwa ananiita Methusela.” Akaandika alama ya mtu, akafunga daftari. “Lakini mimi niliwaambia mwenyewe. Sabato moja nikasimama wakati wa ushuhuda nikasema, ‘Mwaka huu simalizi, mwaka ujao pia sijui, msipike.’ Watu wakacheka, wakaniombea. Baada ya hapo wangeniuliza nini? Nilikuwa nimemaliza maswali yote. Nikarudi chuo nikiwa mwepesi.”

“Na huko chuo?”

“Huko nilikuwa nakaa nje ya ofisi ya idara na kitabu changu mpaka sekretari akazoea kuniona. Siku nisipokuja anauliza wenzangu niko wapi. Hiyo ndiyo ilinimalizisha, madam. Mtu mmoja wa kuuliza niko wapi.”

Nimesikia hotuba nyingi kuhusu namna ya kuwabakiza wanafunzi chuoni. Maneno ya Bosibori yanatosha.

Na sasa ya jana. Wakati wa ushuhuda nilisimama. Habari yako sikuigusa, kwa sababu si yangu kuitangaza, utaitangaza wewe ukitaka na siku utakayotaka. Nilisema yangu. Nilisema kwamba mimi Moraa, mliyezoea kunitolea mfano kwa watoto wenu, sina shahada. Kwamba jina langu halikusomwa. Kwamba aliyesomwa alikuwa mtu mwingine na mimi nikaliacha liwe hivyo miaka yote hii. Habari ilikuwa imekwisha.

Nje niliwasikia kuku wa mchungaji. Onchari alikuwa ameketi safu ya tatu, alikuja kukuaga akakukosa. Akainuka na fimbo yake.

“Mimi nilisikia!” akasema. “Moraa! Walisoma Moraa!”

“Alikuwa Moraa mwingine, baba mdogo.”

“Mwingine wa wapi?”

“Wa watu. Sikumjua.”

Akafikiri. “Yaani mluzi wangu wote ule nilimpigia mtoto wa watu?”

Mzee wa kanisa ndiye aliyeanza kucheka, akijaribu kujificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, kisha safu zote. Nami nilicheka. Onchari mwenyewe hakucheka. Alipotoka nje alinifuata chini ya mfereji wa paa, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, akasema kwa sauti ya chini, “Ungetuambia siku ile ile. Tungekula chakula, turudi nyumbani, wewe ubaki ukitafuta karatasi yako. Ulidhani tulikuja kwa ajili ya karatasi?”

Nikamvuta karibu na ukuta asilowe. Kisha akauliza kuhusu fahali, yule aliyekuwa ndama. Nikamwambia akuulize wewe. Akasema, “Fahali hana kalenda. Akizidisha mwaka anazidi kunenepa.” Kwa hiyo anajua, au ameshuku. Ukimpigia simu utamkuta yuko tayari.

Baadhi ya watu hawakucheka, na hilo ni haki yao. Mama mmoja ambaye bintiye nilimwandikia barua ya kumsifu, nikijitaja kama mwenye shahada, alinipita mlangoni bila salamu. Nitamfuata nyumbani kwake wiki hii. Sikuahidiwa kwamba ukweli ungepokelewa vizuri na kila mtu. Nilichopata ni kwamba leo asubuhi nimeipangusa ile picha vumbi bila kutazama pembeni, na kama mgeni atauliza, nitamweleza ilivyokuwa.

Huenda ukadhani naandika haya ili nirudi kuitafuta shahada yangu na tuhitimu pamoja, mama na mwana, watu wapige picha. Hapana. Nimeshauliza. Mwalimu alikufa, kumbukumbu za mwaka ule zilishafungwa, na chuo kilinijibu kwa adabu kwamba muda wa kurekebisha umepita. Mlango huo umefungwa, nimeukubali. Wako uko wazi, na ulibaki wazi kwa sababu uliongea mapema. Mimi ilinichukua miaka zaidi ya umri wako kusema kitu ambacho wewe ulikuja nyumbani kukisema baada ya swali moja la simu. Tena safari hii, kwenye fomu ya kurudi, uliandika namba yangu kwa mkono wako kwenye nafasi ya mtu wa kupigiwa. Niliiona. Sikusema kitu, lakini niliiona.

Kwa hiyo sina wasiwasi na wewe. Ninajua namna unavyohesabu: fundi wa Magwagwa ameniambia kwamba ulimkokotolea pembe za paa la ghala kwa kijiti, mchangani, ukamwokolea mabati. Hisabati haikukushinda. Ulikosa siku moja, na siku moja inafidika.

Kutakuwa na ugumu, nisikufiche. Utaketi na watoto waliokuwa wakikuuliza njia ya kantini, nao sasa watakuita mzee. Wenzako wa zamani utawakuta mbele yako, wakiongea kuhusu viwanda watakavyofanyia mazoezi ya kazi. Kuna siku utaamka na kuona ni rahisi zaidi kubeba begi na kwenda maktaba kusoma magazeti. Siku hiyo usijipe hotuba. Mpigie mtu mmoja, mimi au Bwana Wekesa, useme tu, “Leo sijaenda.” Maneno mawili. Bwana Wekesa ameniambia kwamba atakupigia mwenyewe ukipotea, na hiyo ndiyo kazi yake, kwa hiyo simu yake usiione kama ya askari.

Nami nitakupigia Jumapili kama zamani, ila swali limebadilika. Nitakuuliza nani amekufundisha, amefundisha nini, na nini hukuelewa. La tatu ndilo nitakalolisubiri. Ukinijibu “yako sawa” nitakuja huko na kalamu yangu.

Kuhusu kijiji, uamuzi ni wako. Ukitaka wajue, niambie nami nitasema. Ukitaka kusema mwenyewe, utakaporudi likizo nafasi ya ushuhuda ipo kila Sabato. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, mradi kimya chako kisikuzuie kupita mlango wowote unaotakiwa kuupita.

Barua ya daktari nimeigundishia karatasi nyuma ili isikatike zaidi, na nakala yake mpya uliyoitafuta zahanati iko ndani ya bahasha hii hii. Kesho asubuhi unaondoka. Keshokutwa, Jumanne, saa tatu kamili, Bwana Wekesa anakungoja ofisini kwake, jengo la utawala, ghorofa ya pili, mtie sahihi fomu mbele ya mwenyekiti wa idara. Mtihani maalumu wa hisabati ni Alhamisi ya wiki inayofuata, saa mbili asubuhi.

Mama yako,
Moraa